TAHADHARI: "Kisanduku cha kubadili laini ya shaba" kinachouzwa Unguja na Pemba

Wafanyabiashara wa Mji Mkongwe, Darajani na Chake Chake, kaeni macho. Wapo watu wanaopita dukani na mahotelini wakidai simu za mezani za waya wa shaba zinazimwa 31 Januari 2027, na asiyenunua kisanduku chao namba yake ya 024 itapotea. Tarehe hiyo ni ya Uingereza! Habari za laini yako kaulize kwenye ofisi ya kampuni inayokuletea bili.

Kisanduku chenyewe kina matundu matatu membamba ya waya wa simu, na hakina pa kuchomeka chaja. Hicho ni kichujio tu, cha kutenganisha sauti na intaneti juu ya shaba hiyohiyo. Shaba ikizimwa hakina kazi. Adapta ya kweli, yaani kifaa cha kuifanya simu ya mezani ipige kupitia ruta ya intaneti, ina tundu pana la waya wa ruta, tundu la chaja, na tundu la simu lililoandikwa PHONE au FXS. Ukiona LINE au FXO peke yake, iache, haiendeshi simu. Mitumba mingine imefungwa kwa kampuni za ng'ambo, na bila nywila haifunguki. Usilipe mpaka upige nje na upigiwe kwa namba yako ileile.

Linalotuuma zaidi ni waya. Wanakupunguzia bei ili wang'oe "waya chakavu", kumbe shaba huuzwa kwa kilo. Usikubali. Adapta inaweza kulisha simu chache za ndani kwa waya hizohizo, maadamu fundi ametenga kwanza laini ya nje inapoingia jengoni. Isipotengwa, volti 48 za kituo cha simu zinaweza kuiunguza adapta.

Umeme hawautaji kabisa. Shaba huja na umeme wake kutoka betri za kituo, faiba, yaani waya wa kioo wa intaneti unaochukua nafasi ya shaba, haiji nao. Ukikatika, na giza la 2008 hatujalisahau, ruta na adapta huzima pamoja. Betri ya volti 12, ampea-saa 7, huviendesha vifaa vya wati 20 kwa kama saa tatu.

Faksi, kengele ya wizi na mashine ya kadi inayopiga kwa laini, jaribu kimoja kimoja kabla hujaikata laini ya zamani. Faksi ndiyo husumbua mno.

Aliyekwisha lipa atunze risiti, kisanduku na namba aliyoitumia pesa, aende navyo polisi na ofisi ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania).