Mizani ya springi kwa somo la fizikia: uzoefu wangu hapa Goma

Wazazi kadhaa wameniuliza kama hizi mizani ndogo za springi, zile walimu wanazoita dinamometa, zinastahili kununuliwa. Zinastahili. Nilichukua mbili hapa mjini, moja ya niutoni 5, nyingine ya niutoni 10 (niutoni ni kipimo cha nguvu): mrija wa plastiki inayoonyesha ndani, springi, pete juu, ndoano chini. Hazina jina la kiwanda. Jioni watoto wa nyumbani na wa majirani wanaosoma sekondari huja kwangu kurudia fizikia, na hizo ndizo tunazotumia.

Faida ya kwanza ni kutenganisha masi, yaani kiasi cha kitu chenyewe, na uzito, yaani nguvu ambayo Dunia inakivuta nayo. Watoto wanakariri kwamba uzito ni masi mara 9.8, wanapata pointi zao, halafu ukiuliza kilo moja ya sukari ina uzito gani wanajibu "kilo moja". Tundika sukari hiyo kwenye mizani ya niutoni 10: alama inasimama karibu na 9.8. Hapo ukiwaambia kwamba Mwezini sukari ileile, bila kupungua hata punje, ingevuta springi kwa niutoni 1.6 hivi, wanaelewa. Mizani zangu zina gramu upande mmoja na niutoni upande mwingine. Upande wa gramu nimeubandika karatasi, kwa sababu ni sahihi hapa Duniani tu na unawachanganya.

Lakini hata kama zingefundisha sheria ya tatu ya Newton peke yake (ukivuta kitu, nacho kinakuvuta kwa nguvu ileile), ningezinunua. Nilinasisha ndoano mbili, nikampa kijana mkubwa pete moja na mdogo wake pete nyingine, nikawaambia wavute polepole bila kupita niutoni 5. Kabla hawajaanza, wote waliapa kwamba upande wa mkubwa utasoma zaidi. Ukasoma 3, na wa mdogo 3. Wakabadilishana mizani, ikawa vilevile. Tukafunga moja kwenye msumari wa dirisha: msumari nao ulivuta sawasawa na mtoto aliyeuvuta. Ubishi uliofuata ulinifurahisha kuliko kipimo chenyewe. Binti mmoja aliuliza: basi kwa nini mkubwa akivutana na mdogo anashinda? Jibu liko miguuni. Anayeshinda ni yule ambaye ardhi inamshikilia zaidi. Tukaweka mizani pembeni, tukachukua kamba: mkubwa akasimama na soksi kwenye sementi laini, mdogo na viatu vya mpira uani kwenye mawe ya lava, mlango ukiwa wazi katikati. Mkubwa akaburutwa hadi kizingitini.

Kwa msuguano, kipande cha ubao kinatosha. Ukikivuta mezani kikiwa bado kimesimama, alama inapanda, inapanda, kisha ubao ukishaanza kutembea inashuka kidogo na kutulia. Msuguano wa kitu kilichosimama unaweza kufika juu kuliko wa kitu kinachoteleza, na hapo unaonekana kwa macho. Na ubao ukienda kwa mwendo uleule, namba unayosoma inalingana na msuguano unaorudisha nyuma, kwa hiyo jumla ya nguvu ni sifuri. Watoto wengi wanaamini, kama alivyofundisha Aristotle, kwamba kitu kikiendelea kutembea lazima kuna nguvu inayozidi. Newton alichapisha sheria zake mwaka 1687, imani hiyo bado ipo. Mimi huwakumbusha chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa kabichi ikishuka kutoka Kibumba, juu ya Goma: kazi ngumu ya mwenye chukudu ni kuisimamisha.

Sheria ya pili ya Newton, inayounganisha nguvu na mchapuko (jinsi mwendo unavyobadilika), ndipo mizani hizi zinapopungukiwa. Ukiinua ghafla jiwe lililotundikwa, alama inaruka juu ya uzito wake. Ukilishusha ghafla, inaanguka chini yake. Hilo ni zuri, ila ni la haraka mno, hivyo tunarekodi kwa simu na kutazama polepole. Kupima mchapuko wenyewe kunahitaji vifaa vingine.

Udhaifu mwingine: springi ikivutwa kupita kipimo chake inalegea na hairudi. Ile ya niutoni 5 ilitundikwa jiwe zito, na tangu hapo inaanza kusoma mbele ya sifuri. Skrubu ya juu imesaidia kidogo tu. Kumbuka pia kurekebisha sifuri upya unapoilaza mezani, maana ndoano ina uzito wake.

Usinunue moja, nunua mbili, hata kama hazilingani. Na kabla ya kulipa, zilaze palepale dukani, rekebisha sifuri, zinasishe na uvute kidogo: zikisoma tofauti, mojawapo ni mbovu, omba nyingine.