Python for Everybody: uzoefu wangu wa kujifunza kuandika programu baada ya kustaafu

Natoa hukumu mapema ili mwenye haraka asimalize bando lake bure. Kozi ya mtandaoni ya Python for Everybody, inayofundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ya Charles Severance, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani ambaye wengi tunamwita Dr. Chuck, inamfaa sana mtu mzima ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Sharti ni moja tu: awe na kazi yake mwenyewe anayotaka kompyuta imfanyie. Asiye na kazi hiyo atafika kwenye sura ya lupu, yaani kuiamuru kompyuta irudie jambo, na kuishia hapo. Nimewaona.

Mimi ni mhasibu mstaafu, naishi Morogoro, na ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama mtaani kwetu. Sikuingia huku kutafuta ajira. Kilichonisukuma ni zile meseji za malipo. Wanachama wanatuma hisa kwa simu, kwa hiyo kabla ya kila kikao nilikuwa nakaa na simu mkono huu na daftari mkono ule, nanakili nambari ya muamala, jina, kiasi na tarehe, mmoja baada ya mwingine. Mpwa wangu alinikuta hivyo akasema, "Shangazi, si uweke tu kwenye Excel?" Excel nimeitumia ofisini miaka mingi, naiheshimu, na kama shida yako ni kujumlisha tu basi baki nayo, usijisumbue na mengine. Yangu haikuwa kujumlisha. Ilikuwa kunakili.

Nilianza kwa kulipia kozi ya jioni hapa mjini, jina nalihifadhi. Mwalimu alikuwa kijana hodari, ila alichapa mbiombio kwenye projekta nasi tukafuata kama tulivyo. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa, "Andika tu mama, mbele utaelewa." Mbele tulifika, hatukuelewa, na ada haikurudi.

Dr. Chuck ana mwendo mwingine kabisa. Anaongea taratibu, anachora kwa kalamu juu ya slaidi zake, na jambo gumu analirudia kwa njia nyingine bila kukufanya ujione mjinga. Mimi alinipata kwenye sura ya tatu. Zoezi lake ni la mishahara: mfanyakazi amefanya kazi saa 45 kwa kiwango cha 10.50, na kila saa inayozidi 40 inalipwa mara moja na nusu. Programu yako lazima itoe 498.75. Jibu hilo nililipata kichwani kabla sijagusa kibodi, maana maisha yangu yote ya kazi yalikuwa ni hayo. Nikabaki na swali moja tu, namna ya kuiambia mashine kile ambacho tayari nakijua. Hapo ndipo ninapobishana na wanaosema ubongo wa mzee haushiki. Kijana wa miaka 20 anajifunza sarufi ya Python na kanuni za malipo kwa pamoja. Mimi nilikuwa na mzigo nusu.

Kuna mama wa Kijapani, Masako Wakamiya, aliyetengeneza mchezo wa simu mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 81, unaohusu wanasesere wa sikukuu ya Hinamatsuri. Watu wanamtaja kama muujiza. Mimi kinachonivutia ni sababu yake: aliona michezo ya simu inawabeba vijana wenye vidole vyepesi, akataka mmoja ambao mzee mwenzake anaweza kushinda. Alijua anachotaka kabla ya kujua namna ya kukitengeneza.

Sasa nieleze mambo ambayo mhasibu atayakuta yakamkera. Fungua Python, andika 0.1 mara 3, nayo itakujibu 0.30000000000000004. Sijui mkaguzi gani angepokea hesabu hiyo. Kompyuta inahifadhi desimali kwa mfumo wa namba mbili, sifuri na moja, na kwa mfumo huo sehemu moja ya kumi haiandikiki ikakamilika, kama vile theluthi isivyokamilika kwenye desimali zetu. Dawa yangu ni kuweka fedha zote kama shilingi nzima, bila nukta. Kisha utapenda alama mbili: // inagawanya na kutupa desimali, % inakupa kilichobaki. Faida ya shilingi 1,000,000 ukiigawa kwa hisa 347, kila hisa inapata 2,881 na zinabaki shilingi 293. Mtu wa kikoba anajua jinsi hizo 293 zinavyoweza kuchukua nusu saa ya kikao. Sasa zinaandikwa peke yake mwishoni mwa ripoti, na tumekubaliana ziingie mfuko wa jamii.

La pili ni mkato. Meseji ya malipo inaandika 25,000, lakini Python ukiipa maandishi hayo uyageuze kuwa namba inakataa, inakurushia mistari yenye neno ValueError. Kwake mkato si sehemu ya namba. Unauondoa kwanza kwa amri ya replace, ndipo unageuza. Ni mstari mmoja, lakini bila huo hakuna programu ya fedha itakayosoma meseji zetu.

Sura iliyolipa jasho langu ni ya 11, inayohusu rejeksi, yaani namna ya kuielekeza kompyuta umbo la maandishi ya kutafuta. Dr. Chuck anatumia faili la barua pepe na kuchomoa anwani ndani yake. Mimi nikaweka meseji zangu mahali pa barua zake. Ni sura ngumu, alama zake zimekaa kama mwandiko wa daktari, na niliipitia mara kadhaa huku nikinung'unika. Ilipokubali, kazi ya jioni nzima ikawa ya muda wa kuchemsha chai. Bado nakagua jumla kwa mkono dhidi ya salio la simu. Mazoea ya kazi hayaachi mtu.

Gharama: kwenye tovuti ya py4e.com video, kitabu na mazoezi ni bure. Ukitaka cheti kupitia Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, huko kuna malipo. Mimi sikuona nitakibandika wapi. Python yenyewe ni bure pia, ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, na asiye na kompyuta anaweza kufanyia mazoezi kwenye simu ya Android kwa programu ya Pydroid 3. Lakini kwa macho yetu haya, tafuta kompyuta, kuza herufi, na vaa miwani: nukta pacha (:) mwishoni mwa mstari wa if, ule wa kuweka sharti, ni ndogo, na ukiisahau hakuna kinachokwenda. Nafasi za mwanzo wa mstari nazo si pambo, ndizo zinazoonyesha kipi kiko ndani ya kipi.

Vijana watakupendekezea CS50, kozi ya sayansi ya kompyuta ya David Malan wa Harvard, ambayo nayo ni bure. Nimeitazama. Ni kozi ya kifahari, ila inaanza na Scratch, lugha ya kuunganisha vipande vya picha, inakupeleka kwenye C, lugha nyingine ngumu zaidi, na mambo ya kumbukumbu ya kompyuta, na Python unaikuta ukiwa umefika katikati. Kama unataka kuijua sayansi yenyewe, nenda. Kama una meseji za kikoba zinakusubiri, anza na Dr. Chuck.

Kikwazo halisi ni Kiingereza. Njia yangu ilikuwa kusoma sura kwanza, nikiwa na kamusi, kuandika mifano yake kwa mkono wangu, halafu ndiyo nitazame video. Angalia pia tarehe ya maelezo mengine utakayookota mtandaoni: ukiona print, amri ya kuonyesha jibu, haina mabano, hiyo ni Python 2, iliyoachwa rasmi tangu Januari 2020, na mpya itaikataa.