Kutunza kifurushi cha mtr: uzoefu wangu

Kwa miaka kadhaa sasa ninatunza kifurushi cha mtr, yaani programu ya kuchunguza mtandao iliyotayarishwa kusakinishwa, katika mfumo mmoja wa Linux unaosambazwa bure. Nilikuwa naitumia kila siku. Aliyekuwa akikitunza alipotangaza kwamba hana tena muda, nikakipokea.

Kwa asiyeifahamu, mtr ni ping (inayopima kama mashine ya mbali inajibu) na traceroute (inayoonyesha njia ya kuifikia) kwa pamoja. Inatuma pakiti, kipande kidogo cha data, yenye TTL (idadi ya ruta inazoruhusiwa kupita) ya 1, halafu 2, halafu 3. Kila ruta, kifaa kinachopitisha pakiti kati ya mitandao, inapunguza moja, na ile inayofikisha sifuri inairudishia mashine yako taarifa kwamba muda wa pakiti umekwisha. Njia nzima inajichora kwenye terminali, ruta moja kwa kila mstari, huku takwimu zikibadilika kila sekunde. Matt Kimball aliianzisha mwaka 1997, Roger Wolff akaipokea mwaka uliofuata, na bado inafanya kazi vizuri ajabu.

Ninachoipendea zaidi ni mtr-packet. Kutuma pakiti ghafi kunahitaji ruhusa ambayo mtumiaji wa kawaida hana, na zamani programu nzima ilikuwa ikianzishwa kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Siku hizi kazi hiyo imetengwa katika programu ndogo ya pembeni, na ruhusa hiyo, iitwayo cap_net_raw, inapewa hiyo peke yake. Dirisha la GTK (maktaba ya kuchora madirisha), kusoma majina ya mashine kutoka DNS, kupanga safu, yote yanabaki nje bila mamlaka yoyote. Ninapokagua usalama, najua pa kukazia macho.

Hapo hapo ndipo iliponitesa. Mtumiaji mmoja aliripoti kwamba kwa root inafanya kazi, kwa wengine inasema imeshindwa kufungua soketi za IPv4, yaani milango yake ya kutuma pakiti mtandaoni. Kwangu ilikubali kila nilipojaribu. Jioni mbili nilisoma msimbo wa C bila kuona kosa, maana kosa halikuwa huko. Ruhusa ile huandikwa katika sifa za ziada za faili, na yeye alikuwa amenakili mfumo wake wote kwa njia isiyobeba sifa hizo. Faili ilifika nzima, ruhusa ikabaki nyuma. Upande wangu nao ulikuwa na dosari: hati yangu ya usakinishaji ilikuwa inanyamaza setcap, amri inayoweka ruhusa hiyo, inaposhindwa. Sasa inasema wazi.

Ripoti nyingi ninazopokea, hata hivyo, si hitilafu. Mtu anaona ruta ya nne inapoteza asilimia 60 na kusema mtr imeharibika, au mtandao wake umekufa. Ruta nyingi huwekewa kikomo cha majibu ya ICMP (taarifa kama ile ya muda wa pakiti kwisha) zinayotoa, huku zikipitisha pakiti za wengine bila shida. Upotevu ukionekana katikati na mstari wa mwisho ukasoma sifuri, njia ni nzima. Ukianzia mahali na kuendelea hadi mwisho, hapo kweli kuna jambo. Natamani skrini yenyewe ingemwambia mtumiaji hivyo, kwa sababu nimelijibu swali hili mara nyingi mno na kila anayeuliza ana wasiwasi wa kweli.

Kwa seva isiyo na skrini, chukua kifurushi kilichojengwa bila GTK. Ni chepesi na hukosi chochote. Ukitaka kumtumia mtu matokeo, endesha mtr -rwc 100, inayotoa ripoti ya maandishi baada ya mizunguko 100, badala ya kupiga picha ya terminali. Na ikimkatalia mtumiaji wa kawaida, anza na getcap, amri inayoonyesha ruhusa za faili, kwenye mtr-packet: isipokujibu kitu, umeshapata chanzo.