TAHADHARI: Fleti hewa za likizo katika miji ya kale, na namna ya kuzibaini kabla hujalipa

Kama unatafuta fleti ya kupanga kwa siku chache katikati ya mji wa kale, iwe Florence, Venice, Lisbon, Barcelona au Paris, usitume hela yoyote kabla hujasoma hapa hadi mwisho. Fleti hewa ni nyingi na zimetengenezwa kwa ustadi. Picha ni safi, bei iko chini ya nyumba zote za mtaa huo, na "mwenye nyumba" anajibu kwa adabu hata usiku wa manane. Watu wanafika na mabegi yao mlangoni pa familia isiyowajua.

Utapeli huu unategemea jambo moja: kukutoa nje ya tovuti ulikoliona tangazo. Tovuti kubwa za kupangisha kwa kawaida hazimkabidhi mwenye nyumba malipo siku ile unayolipa. Airbnb, kwa mfano, huyaachia takriban saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia. Tapeli hawezi kungoja hadi hapo, maana mgeni akifika tu mchezo umekwisha. Ndiyo maana atakuambia kalenda ya tovuti ina hitilafu, au komisheni inamuumiza, mhamie WhatsApp akupunguzie bei. Mwache hapo hapo. Hakuna punguzo linalofidia ulinzi unaoupoteza.

Ukimfuata, atakutumia kiungo kinachofungua ukurasa unaofanana kabisa na wa tovuti halisi, nembo na rangi zote zikiwepo. Usitazame nembo, soma anwani ya ukurasa. Ukiacha mikwaju miwili ya mwanzo (//), tafuta mkwaju unaofuata, kisha rudi kushoto: kwa kawaida maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju huo, yaliyotenganishwa na nukta, ndiyo yanayoonyesha ukurasa ni wa nani. Jina la tovuti maarufu likiwa mwanzoni, halafu likafuatwa na nukta na jina jingine usilolijua, toka haraka. Alama ya kufuli haithibitishi uaminifu. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa wengine wasiyasome, na tapeli naye hulipata kufuli hilo bure.

Kuna mbinu nyingine ambayo kwa maoni yetu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inawanasa hata waangalifu. Matapeli wanaiba nywila ya mwenye nyumba halali, kisha wanakuandikia kupitia akaunti yake, ndani ya programu ile ile uliyolipia. Wanajua jina lako, tarehe zako na kiasi ulicholipa. Ujumbe unasema kadi yako haijathibitishwa, bonyeza hapa ndani ya saa 12 la sivyo nafasi yako itafutwa. Usibonyeze. Funga ujumbe, fungua nafasi yako mwenyewe kupitia programu na uangalie kama inadai chochote. Ukibaki na shaka, wapigie huduma kwa wateja kwa namba iliyo kwenye tovuti yenyewe, usitumie ile iliyo ndani ya ujumbe.

Sasa tuje kwenye miji ya kale yenyewe, maana ina kanuni zake na tapeli wengi hawazijui. Anza na namba ya usajili. Italia, tangu tarehe 1 Januari 2025, kila tangazo la fleti ya muda mfupi lazima lionyeshe msimbo uitwao CIN. Huanza na herufi IT, na tarakimu sita zinazofuata hutaja manispaa: 048017 ni Florence, 058091 ni Roma, 027042 ni Venice. Ukiona fleti ya Florence yenye IT058091, msimbo huo umeazimwa kutoka tangazo la Roma. Paris namba ina tarakimu au herufi 13, na tarakimu tano za mwanzo hutaja wilaya, kwa mfano 75104 kwa wilaya ya 4. Barcelona leseni za fleti za watalii huanza na HUTB. Ureno namba huishia na /AL, na rejista yake iko wazi mtandaoni, kwa hiyo unaweza kulinganisha anwani kabla ya kulipa. Usiridhike kuona namba tu. Matapeli hunakili namba za kweli. Kinachowashinda ni kuifanya ilingane na anwani.

Anwani nayo husema mengi. Florence ina mifuatano miwili ya namba za milango: nyekundu, zenye herufi r, zilitengwa kwa ajili ya biashara, na nyeusi au bluu kwa makazi. Fleti ya "ghorofa ya tatu" yenye namba ya r inadai maelezo. Venice namba hazifuati mtaa, zinafuata moja ya sehemu sita za mji: San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo au Santa Croce. Anayekupa jina la kichochoro na namba bila kutaja sehemu hajakupa anwani iliyokamilika. Na akikuahidi maegesho ya gari mlangoni, ujue hajawahi hata kufika, kwani magari huishia Piazzale Roma, uwanja ulio ukingoni mwa mji. Miji mingine mingi ya Italia ina eneo la ZTL katikati, yaani eneo la magari yenye kibali tu, ambako kamera hunasa gari lisilo nacho. Mwenyeji wa kweli hukuonya kuhusu ZTL kabla hujauliza.

Picha zitafute kwa Google Lens au TinEye, huduma zinazoonyesha picha ile ile imetumika wapi kwingine mtandaoni. Zikitokea kwa jina jingine katika mji mwingine, kazi imekwisha. Zisipotokea, kagua soketi za ukutani: za Italia mara nyingi huwa na matundu matatu ya duara kwenye mstari mmoja, na za Ufaransa zina kijiti cha chuma kinachochomoza. Fleti ya Venice yenye soketi za Uingereza, zile za matundu ya mstatili, imepigwa picha kwingine.

Ukiombwa kulipa kwa benki, soma herufi mbili za mwanzo za IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, ndizo nchi ya akaunti. Fleti iko Lisbon na akaunti iko nchi nyingine? Peke yake si ushahidi, maana benki za mtandaoni zinatumika kote Ulaya, lakini uliza. Tangu Oktoba 2025 benki za ukanda wa yuro zinatakiwa kulinganisha jina na IBAN kabla fedha haijatoka. Benki ikikuonya kwamba jina halilingani, usilipe, hata ukiambiwa ni akaunti ya mke wake au ya mhasibu.

Pasipoti usiitume kwa WhatsApp kabla ya kufika. Ni kweli Italia mwenyeji analazimika kuwaripoti wageni polisi, lakini hilo hufanyika ukishafika. Nakala anayoipata mapema tapeli huitumia kumshawishi mtu anayefuata kwamba mwenye nyumba ni wewe.

Wengine hungoja siku ya safari, wanasema bomba limepasuka, wana fleti nyingine "karibu tu". Usipokee funguo. Ukishaingia, dai lako linadhoofika. Piga picha ukiwa mlangoni na uripoti ndani ya programu saa hiyo hiyo.

Kama umeshalipa, ipigie benki sasa hivi, usingoje kesho. Kwa uhamisho omba fedha irudishwe, kwa maana saa za mwanzo ndizo zenye nafasi. Kwa kadi, omba malipo yapingwe. Muda wa kawaida ni siku 120, lakini usiungojee. Hifadhi picha za tangazo, mazungumzo yote na anwani ya ukurasa kabla havijafutwa, kisha ripoti kwa tovuti na polisi. Badilisha nywila zako. Na atakayekutafuta siku chache baadaye akiahidi kukurudishia hela yako kwa ada ndogo, mzuie namba. Majina ya waliotapeliwa huuzwa kwa matapeli wengine.