Bolti ya puli ya krenki ilinishinda siku mbili, mpaka nikapata kishikio hiki cha puli

Gari langu ni Honda Civic ya 1998, injini ya D16, gia otomatiki. Nilikuwa nabadilisha mkanda wa taimingi, na mkanda huo huufikii bila kutoa puli ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Puli nayo imeshikwa na bolti moja ya soketi namba 17. Moja tu, na ilikula wikendi yangu nzima.

Kilichonisumbua hasa si kukaza kwake. Ukivuta mpini, injini nayo inazunguka, unabaki unacheza nayo. Wenye gia za mkono huingiza gia ya tano, mwenzao akakanyaga breki, kazi ikaisha. Kwenye otomatiki hakuna hilo: P (ya kuegesha) inafunga magurudumu, krenki inabaki huru. Ule ujanja wa kuegemeza mpini chini kisha kugusa starta ndio mbaya zaidi hapa, kwa sababu injini hizi za D huzunguka kinyume na mshale wa saa. Starta ingeikaza bolti badala ya kuilegeza. Nikazungushia puli mkanda mkuukuu na kuubana kwa mnyororo, ukateleza. Afadhali uliteleza mapema, kwani puli nyingi zina mpira kati ya kitovu na ukingo, na ukingo ukihama, alama za taimingi zinakudanganya. Kuchomeka bisibisi kwenye meno ya flaiwili, ile sahani yenye meno nyuma ya injini, sikuthubutu.

Ndipo nikaagiza kishikio cha puli. Ni pande la chuma lenye pembe sita, upana wa milimita 50, linaloingia kwenye tundu la pembe sita lililo katikati ya puli. Kati yake pako wazi, soketi inapita hapo hadi kwenye bolti. Pembeni kuna tundu la mraba la nusu inchi la kuchomekea mpini. Umeona? Tundu la mpini, si mpini. Aliyeniuzia hakusema popote kwamba utahitaji mipini miwili mirefu, mmoja wa kushikilia na mwingine wa kufungulia, nikajikuta chini ya gari na mmoja. Nyota moja nimeikata hapo hapo.

Nilipoazima wa pili, mambo yakabadilika. Nilitoa tairi la mbele kushoto, nikaingiza kifaa, kikakaa bila kuchezacheza. Mpini wake niliuelekeza mbele ya gari na kuulaza juu ya gogo, kwa kuwa wakati wa kufungua puli inataka kuzunguka upande huo na kuukandamiza chini. Kuanzia hapo nguvu zote zinaenda kwenye bolti. Ila ekstensheni yangu, fimbo ya kurefushia soketi, ilikuwa nyembamba na ndefu, ikawa inajipinda kama chemchemi na kumeza nguvu. Nikaweka nene zaidi, nikaiegemeza mwisho wake juu ya stendi ya jeki ili isiinamie upande, nikavisha bomba la chuma kwenye mpini wa kufungulia na kuvuta juu taratibu. Ikalia kishindo kimoja kikavu. Nilidhani soketi imepasuka. Ilikuwa bolti imeachia.

Chuma cha kifaa kimevumilia, pembe hazijaliwa hata kidogo. Rangi imebanduka, hilo halinihusu. Kabla ya kununua chungulia puli yako kwanza: isiyo na tundu la pembe sita haitakubali kifaa hiki, na zile zenye matundu mawili ya nyuzi hushikwa kwa kishikio cha aina nyingine, chenye bolti mbili.

Kurudishia pia nilikitumia, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), nyutoni mita 181 kama kitabu cha gari langu kinavyotaka. Wakati wa kukaza mpini wa kushikilia unatakiwa ugeuzwe, uelekee nyuma ya gari. Mimi niliusahau mbele, ukanyanyuka ghafla na kunibana kidole gumba kwenye bampa.