Miongozo ya Bei za Sarafu Adimu: Ipi Itangulie Kabla ya Kulipa

Mtu anayenunua sarafu adimu kwa mara ya kwanza hufungua mwongozo wa bei, huona kiasi kilichoandikwa mbele ya mwaka wa sarafu yake, na hukichukua kana kwamba ndiyo thamani yenyewe. Swali la kuuliza kwanza ni hili: hiyo ni bei ya nani? Iko bei ambayo mfanyabiashara humuuzia mkusanyaji, iko anayolipa yeye anaponunua kutoka kwa mkusanyaji, iko wanayouziana wafanyabiashara wenyewe kwa wenyewe, na iko iliyolipwa mnadani. Zote nne zaweza kuihusu sarafu moja, kwa siku moja, na zisikaribiane. Kwa sababu hiyo ninaipanga miongozo kwa kigezo kimoja tu: ni kwa kiasi gani bei yake inatokana na fedha iliyotoka mfukoni mwa mnunuzi kweli.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza ni ya kumbukumbu za minada. Heritage Auctions na Stack's Bowers huhifadhi matokeo ya minada yao kwenye intaneti, na PCGS, kampuni ya Marekani inayopima hali ya sarafu, hukusanya matokeo ya nyumba mbalimbali za mnada mahali pamoja. Ubora wake mkubwa ni kwamba bei huambatana na picha, kwa hiyo mnunuzi huona ni sarafu ya namna gani iliyolipiwa kiasi kile. Usichukue uuzaji mmoja. Tafuta mitano au sita ya hivi karibuni, ya sarafu yenye mwaka, alama ya kiwanda (herufi inayoonyesha ilikotengenezwa) na daraja lilelile la ubora, kisha weka kando ule wa juu kabisa, kwani wanunuzi wawili walioshindana kwa hamasa wanatosha kupandisha bei ambayo haitarudi tena. Kumbuka pia kwamba bei zinazotangazwa kwa kawaida huwa zimejumuisha ada ya mnunuzi, yaani ile anayoilipa nyumba ya mnada juu ya bei aliyoshindia. Nyundo ikigongwa kwenye dola 1,000 na ada ikiwa asilimia 20, kumbukumbu itaonyesha 1,200, ilhali muuzaji amepata 1,000 au pungufu. Udhaifu wa chanzo hiki uko kwenye sarafu za bei ndogo, ambazo hazifiki minada mikubwa mara nyingi.

Ya pili ni Greysheet, jarida la bei za jumla lililoanza mwaka 1963, ambalo wafanyabiashara wa sarafu za Marekani hulitumia kuuziana. Hupatikana kwa kulipia. Mkusanyaji asitarajie kuuziwa kwa bei hiyo, maana muuzaji naye ana gharama zake na anastahili faida. Lakini anayejua bei ya jumla huona mara moja kama faida anayoombwa ni ya haki au imepita kiasi. Kwa anayenunua mara kwa mara, ada yake hujilipa upesi.

Ya tatu ni miongozo ya PCGS na NGC, ambayo yapatikana bure kwenye tovuti zao. Kampuni hizi, zilizoanza kazi mwaka 1986 na 1987, hupima hali ya sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70, kisha huifungia katika kasha gumu la plastiki lenye namba ya cheti. Kwa uzoefu wangu, bei za miongozo hii huelemea juu kuliko zile za mnadani, na zinahusu sarafu zilizokwisha kupimwa na kufungiwa na kampuni husika. Kuitumia safu ya daraja la 65 kwa sarafu isiyo na kasha, kwa kuwa tu muuzaji amesema ni 65, ni kulipia neno lake.

Hapa ndipo nilipoumia mimi mwenyewe. Nilinunua dola ya zamani ya Marekani ya madini ya fedha, ya aina ya Morgan, kwa bei iliyolingana kabisa na mwongozo, na kwa macho ya kawaida ilimeta vizuri. Baadaye niliiinamisha polepole chini ya taa moja. Sarafu ambayo haijaguswa huwa na mng'ao unaozunguka uso wake kama miali ya gurudumu kadiri unavyoigeuza. Yangu ilibaki na weupe uliotulia mahali pamoja, na juu ya shavu la mwanamke aliyechorwa usoni mwake palijaa mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja. Ilikuwa imesuguliwa. Nywele zilizo juu ya sikio na kifua cha tai upande wa pili, sehemu ambazo huchakaa kwanza, zilikuwa zimelainika, na kusugua kulificha jambo hilo. Bei niliyoifuata ilikuwa sahihi, ila ilikuwa ya sarafu nyingine. Miongozo karibu yote hutoa bei za sarafu zisizo na dosari, na sarafu iliyosafishwa, kutobolewa au kulehemiwa huuzwa chini yake sana.

Nafasi ya nne ninaipa vitabu vya kila mwaka, hasa kile cha Marekani kiitwacho Red Book, ambacho toleo lake la kwanza lina tarehe ya 1947. Kama chanzo cha bei kinachelewa, kwa sababu toleo lenye mwaka fulani jaladani hutoka mwaka unaotangulia. Hata hivyo ndicho kitabu ambacho ningemshauri anayeanza akinunue kabla ya sarafu yoyote, maana hueleza aina, alama za viwanda na idadi zilizotengenezwa. Humo utajifunza kwa nini dola ya Morgan ya 1893 yenye herufi S, alama ya kiwanda cha San Francisco, iliyotengenezwa 100,000 tu, huigizwa kwa kubandikwa herufi hiyo kwenye sarafu ya kawaida. Kwa sarafu za Uingereza, katalogi ya Spink hufanya kazi kama hiyo.

Kwa sarafu za nchi nyingine, Numista, katalogi ya mtandaoni, na matoleo ya katalogi ya Krause ya sarafu za dunia hufaa zaidi kutambulisha kuliko kupangia bei. Chukua humo namba ya KM, ambayo katalogi ya Krause huipa kila aina ya sarafu, kisha irudishe kwenye kumbukumbu za minada.

Mwisho kabisa ni bei ambazo wauzaji huziandika kwenye matangazo yao. Bei inayoombwa haijalipwa na mtu. Kama tovuti inaruhusu kuchuja zilizouzwa, tazama hizo tu.

Kabla ya kulipa, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyopima na ulinganishe picha na sarafu iliyo mbele yako, kwa kuwa makasha nayo hughushiwa. Ikiwa ni sarafu ya fedha au dhahabu, piga pia hesabu ya madini ya siku hiyohiyo: dola ya Morgan ina gramu 26.73, asilimia 90 ikiwa fedha, yaani takriban gramu 24 za fedha halisi. Kwa miaka ya kawaida na sarafu zilizochakaa, hesabu hiyo hukusogeza karibu na bei ya haki kuliko mwongozo uliochapishwa miezi kadhaa iliyopita.