Kurudia upasuaji wa ACL: njia tunazozikubali na tunazozitilia shaka

Upasuaji wa kurudia ligamenti ya ACL, ile ya ndani ya goti inayozuia muundi kuteleza mbele, hutajwa kama huduma moja, kumbe ndani yake mna njia kadhaa zisizofanana. Kabla ya kuzipima, daktari aeleze kwanza kipandikizi cha awali, yaani kano iliyowekwa badala ya ligamenti, kilikatika kwa nini. Akishindwa kueleza huku picha ziko mbele yake, alama zetu zinaanza kushuka hapo hapo.

Sababu si nyingi. Mara kwa mara tundu la kupitishia kipandikizi kwenye fupa la paja lilitobolewa mbele mno au likasimama wima mno, hivyo kipandikizi kinazuia muundi kuteleza mbele lakini goti bado linajizungusha. Pengine meniska, gegedu la kufyonza mshtuko ndani ya goti, iliyochanika kwa nyuma haikushonwa, au ligamenti za pembeni zilizolegea hazikuguswa. Wapo pia ambao uso wa juu wa muundi umeinamia nyuma kupita nyuzi 12, kwa hiyo kila anapokanyaga, muundi husukumwa mbele na kipandikizi hubeba mzigo huo.

Kumaliza yote kwa hatua moja ndiyo njia tunayoipendelea, mradi matundu ya zamani yako mahali pake na hayajapanuka, au yako mbali kiasi cha kuacha mfupa mzima wa kutoboa upya. Balaa liko katikati: tundu jipya likiingia nusu ndani ya la zamani, yote mawili huwa pango lenye umbo la namba nane, na skrubu ya kukaza kipandikizi haipati pa kushika. MRI, picha ya sumaku, peke yake haitoshi hapa. Upana wa tundu upimwe kwa CT, picha ya eksirei ya vipande vipande. Chini ya milimita 12 kwa kawaida kazi huendelea. Likifika 14 au 15, anayeng'ang'ania hatua moja awe na maelezo mazuri sana.

Ripoti ya upasuaji wa kwanza nayo itafutwe mapema, maana bila kujua aina ya skrubu, bisibisi isiyolingana nayo itakula kichwa chake na itabidi kuchimba mfupa ili kuitoa. Skrubu ya chuma isiyo njiani iachwe ilipo. Ukiing'oa, umejitengenezea shimo ambalo halikuwapo.

Katika njia ya hatua mbili, matundu husafishwa na kujazwa vipande vya mfupa, mara nyingi kutoka kwenye nyonga. Miezi 3 hadi 6 baadaye CT hurudiwa, na mfupa ukiwa umeshikana ndipo kipandikizi huwekwa. Kasoro yake ni dhahiri: nusu kaputi mara mbili, na miezi yote hiyo goti linacheza huku meniska ikizidi kuumia. Hata hivyo, kwa matundu mapana hatuoni njia ya mkato.

Njia isiyopewa heshima yake ni ya kukizungusha kipandikizi nyuma ya kichwa cha nje cha fupa la paja na kukifunga kwa nje, bila kutoboa tundu lolote upande huo. Mfupa wa paja ukiwa umeharibika, huokoa kazi.

Kuhusu kipandikizi, utafiti wa MARS wa Marekani, wenye wagonjwa 1,205, ulionyesha kwamba waliotumia kano yao wenyewe walikuwa na uwezekano mdogo mara 2.78 wa kukatika tena ndani ya miaka 2 kuliko waliowekewa kano ya mfu, yaani iliyotolewa kwa mtu aliyefariki. Kwa kijana mchezaji, kano ya mfu tungeikataa. Kano ya chini ya pia ya goti, upana wa milimita 10 na kipande cha mfupa kila ncha, huziba tundu vizuri, ingawa kupiga magoti kunaweza kuuma muda mrefu.

Nyongeza tunayoiunga mkono, ya kuzuia goti kujizungusha, ni ukanda wa utando mgumu wa nje ya paja: sentimita 1 kwa 8 hivi, ukibaki umeshikamana na muundi, hupitishwa chini ya ligamenti ya nje na kufungwa kwenye fupa la paja goti likiwa limekunjwa nyuzi 60 hadi 70, mguu ukielekea mbele. Ukifungwa huku mguu umegeuzwa nje, au ukivutwa mno, upande wa nje wa goti hubanwa. Kupunguza ule mteremko wa uso wa muundi kwa kukata kabari ya mfupa mbele ya muundi ni kazi nzito zaidi, haifai goti ambalo tayari linapinda kinyumenyume, na wengi huiweka akiba hadi kipandikizi cha pili kikatike.

Kurudi uwanjani kabla ya miezi 9 hatukubali; kwa marudio, mwaka ni busara. Kipimo cha kawaida ni nguvu ya paja kufika asilimia 90 ya mguu wa pili. Lakini kano ikiwa imetolewa kwenye huo mguu wa pili, nao umedhoofika, na asilimia hiyo itadanganya. Nguvu ya miguu yote miwili ipimwe na kuandikwa kabla ya upasuaji.